Honi Mbele ya Nyumba ya Coral

Shamba la ng'ombe la Merrin, Kaskazini
12 Oktoba 1986

Mjomba Vern,

Hujambo huko Tarrawil? Mgongo wako unaendeleaje, na mbwa wako Bosun bado anawaibia majirani soksi? Mimi mzima, ila joto la huku linanikausha kama nyama ya kuning'iniza. Napika asubuhi, napika jioni, na wachunga ng'ombe wanakula kama wanashindana. Mvua zikianza mwezi ujao njia zote zitafungwa mpaka Aprili, tubaki na ndege ya barua, nayo huja ikipata pa kutua.

Nakuandikia kwa ajili ya mama. Unamjua mama kwa barua: bahasha zake huvimba mpaka gundi inaachia. Nilikuwa nasubiri anisimulie fainali, nani kacheza vipi, nani kaumia, nani kalia. Ameniandikia nusu ukurasa. Hali ya hewa ni nzuri, kuku wanataga. Basi. Fainali hakuitaja kabisa, na huyu ndiye mtunza saa wa timu tangu mimi niko mgongoni. Nimekua nikisikia king'ora chake kila Jumamosi, kidole chake hakijawahi kukosea.

Simu huku hatuna. Redio ipo, lakini ukisema jambo redioni mashamba yote ya jirani wanakusikiliza huku wanakunywa chai. Kwa hiyo niambie wewe. Kuna nini huko? Na Mjomba, nakuomba, usinipambie.

Mpwa wako,
Roslyn


Tarrawil
26 Oktoba 1986

Mpwa wangu Roslyn,

Barua yako imenikuta niko imara kama ghala la ngano, na mgongo umenyooka tangu nilipobeba injini ya trekta peke yangu kutoka kwa Hollard mpaka hapa kwenye karavani. Watu walitaka kusaidia nikawaambia kaeni pembeni mtaniangusha. Bosun mzima. Juzi kaleta suruali nzima, mwenyewe hajajitokeza.

Mama yako hajambo. Usiwe na wasiwasi. Ni mchezo tu.

Fainali tulishindwa na Korrabin kwa alama mbili. Ilikuwa hivi. Wachezaji walikuwa hoi, mimi na chupa yangu ya mafuta ya kuchulia nimekwisha wafufua watano, mmoja alikuwa karibu na Mungu nikamrudisha. Mwishoni kabisa Dougal Prowse, yule kijana wa Prowse mwenye mashamba ya mashariki, kaudaka mpira mikononi, kakimbia nao, kakimbia, mbele yake hakuna mtu. King'ora kikalia. Dougal akapiga. Mpira ukapita katikati ya nguzo kama barua kwenye sanduku. Unajua desturi yetu, magari yote yamepangwa kuuzunguka uwanja, goli likiingia tunapiga honi. Roslyn, tulipiga honi mpaka ng'ombe wa wilaya ya pili wakaacha kutoa maziwa. Watu wamekumbatiana. Halafu mwamuzi anatingisha kichwa. Anasema king'ora kimelia mpira ukiwa bado mkononi, goli halipo.

Watu wakageuka wote pamoja, wakatazama kibanda cha saa. Mama yako kakaa pale na sweta lake la kijani, pembeni yake yule mtunza saa wa Korrabin, mzee Ahern. Saa zao mbili zilikubaliana. Mama yako hakufanya kosa, mimi mwenyewe najua.

Watu wamekasirika kidogo. Itapita. Kwenye baa ya Gwenda niliwachangamsha. Walikuwa wamenuna kama wako msibani, nikawaambia, jamani mwacheni dada yangu Coral, aliacha skonzi kwenye oveni, alikuwa anawahi zisiungue ndiyo maana akabonyeza mapema. Walicheka mpaka Gwenda akaweka taulo chini akalia kwa kicheko. Mpaka leo wanaisimulia.

Na watatu waliotaka kuendelea kununa niliwatoa nje kwa mkono mmoja.

Kula vizuri. Ukiona mamba mwambie unaye mjomba.

Mjomba wako,
Vern


Merrin
23 Novemba 1986

Mjomba Vern,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Mimi mwili mzima, moyo hauko sawa.

Mama ameandika tena. Mara hii ukurasa mmoja na robo, na robo hiyo ndiyo iliyoninyima raha. Anasema magari yakipita mbele ya nyumba asubuhi kwenda kwenye maghala, wanapiga honi. Kila gari. Wanapunguza mwendo, wanapiga, wanaondoka. Anasema, "Watachoka tu." Anasema keki yake ya kanisani imerudi nyumbani nzima, na mwanamke mmoja kamwambia, tunaogopa umeitoa kwenye oveni kabla ya wakati.

Nilisoma hapo nikaenda kuitafuta barua yako nikaisoma upya.

Mjomba, hiyo oveni umeitoa wewe. Mama hajawahi kuacha kitu kwenye oveni siku ya mechi, hata jiko huliacha limezimwa kwa kuogopa moto. Wewe ulitaka wacheke. Sasa wanayo sababu, na sababu hiyo ni tamu mdomoni kuliko ukweli. Mtu aliyekasirika tu angechoka. Mtu mwenye kichekesho hachoki.

Huku mto umeanza kupanda. Siwezi kutoka. Nimebaki nategemea ndege ya barua tu. Tafadhali uniandikie mambo yalivyo, bila mamba na bila injini za trekta.

Mpwa wako,
Roslyn


Tarrawil
14 Desemba 1986

Mpwa wangu,

Salamu za joto na vumbi. Ngano imevunwa, maghala yamejaa, pua zetu zimejaa. Afya ipo. Usingizi hauko mahali pake, lakini hiyo ni kwa sababu ya panya, mwaka huu ni wengi mpaka wameisogeza karavani yangu kuelekea barabarani. Sawa, umesema bila panya. Basi sina panya. Silali tu.

Ulichoandika kuhusu oveni nilikisoma nimesimama, nikakaa.

Nilikwenda kwa Gwenda siku ya Ijumaa, baa imejaa. Nikapiga glasi kwa kijiko nikasema, sikilizeni, ile hadithi ya skonzi niliitunga mimi, hakuna oveni wala skonzi, Coral alibonyeza kwa wakati wake. Unajua walifanya nini? Walicheka. Stan Hollard, mwenyekiti wa klabu, mtu mzima na mvi zake, kaniambia, "Vern, sema na ile ya kambare aliyemeza pikipiki." Nikasema mimi nasema kweli. Mwingine akadakia, "Ndivyo ulivyosema na ile ya kambare." Nikamshika Stan bega nikamwambia Stan, naapa. Akaniangalia kwa huruma, akaninunulia bia. "Ni dada yako," akasema, "tunaelewa."

Nimesema uongo miaka yote wakaniamini nusu. Nimesema kweli siku moja hawakuniamini hata chembe.

Huku kwetu jambo hili tunaliita kutia buti. Wewe umeondoka mdogo, labda hukulisikia vizuri. Mtu ameshaanguka, yuko chini, amekwisha. Halafu anakuja mwingine ambaye ugomvi haumhusu, anaongeza teke lake. Nimeliona kila mahali. Kwenye banda la kukata kondoo manyoya, mpishi akiunguza nyama, wa kwanza anamtukana kwa njaa, wa kumi anamtukana kwa sababu tisa wameshamtukana. Bei ya ngano ikishuka, waziri anatiwa buti na wakulima, halafu na wauza magazeti, halafu na mchungaji katikati ya sala. Tunalitumia hata kwa utani: mtu kaanguka na baiskeli, tunasema haya tumtie buti, tunacheka, tunamwinua. Ndiyo ubaya wake. Utani na teke vinavaa kiatu kimoja, na aliyeko chini ndiye peke yake anayejua kipi ni kipi.

Na sasa wale wanaompigia honi mama yako, nimewaangalia mmoja mmoja. Nusu yao hawakuwa hata uwanjani siku ile. Yupo muuza matairi aliyehamia mwezi wa kumi.

Klabu imemtuma mtu akachukue ufunguo wa kibanda cha saa. Mama yako kauvua shingoni pamoja na kipande cha utepe alichokuwa anauvaa nacho, kaufuta kwa aproni, kampa. Mimi nilikuwa jikoni kwake nakunywa chai. Nikamwambia dada, sema kitu. Akasema, "Vern, kunywa chai yako."

Krismasi njema, japo najua haitakuwa.

Mjomba wako,
Vern


Merrin
18 Januari 1987

Mjomba,

Nakusalimia kwa haraka, rubani anasubiri, mawingu yanakuja.

Mama ananiambia anauza nyumba. Anataka kuhamia Adelaide kwa binamu yake Thelma, ambaye hawajawahi kukaa meza moja bila kununiana. Anasema ameanza kufunga vyombo. Anasema, "Nimezoea kukaa ndani sasa, na kukaa ndani naweza kukaa popote." Mwandiko wake umekuwa mdogo, kama anaogopa kuchukua nafasi kwenye karatasi. Sijui kama anakula. Ameniuliza mara mbili katika barua moja kama mvua imeanza, kama mtu aliyesahau kwamba ameshauliza.

Mimi niko kisiwani, maji pande zote. Wewe uko mtaa wa pili kutoka kwake. Sikuombi uwatoe watu watatu nje kwa mkono mmoja. Nakuomba ufanye kitu kimoja cha kweli.

Akiondoka Tarrawil kwa namna hii, Mjomba, ataondoka akiamini alikosea. Na huyo hatapona.

Roslyn


Tarrawil
15 Februari 1987

Mpwa wangu Roslyn,

Shikilia kiti. Ninayo habari njema, na kwa mara ya kwanza maishani sina haja ya kuiongezea chumvi.

Magari yameacha kupiga honi kwa mama yako.

Nilifikiri sana juu ya barua yako. Ukweli nimeujaribu, umekataa. Nikajiambia, Vern, fanya kazi unayoijua. Ijumaa nikaenda tena kwa Gwenda. Mara hii sikupiga glasi. Nilikaa kona, nikanuna, nikanywa taratibu, mpaka Stan mwenyewe akaja. "Vern, una nini?" Nikakataa kusema. Hapo ndipo walipoamka. Mtu akikataa kusema, Tarrawil nzima inavuta kiti.

Nikawaambia, basi, siwezi kubeba tena. Siku ya fainali niliwapelekea chai watunza saa kabla ya mechi. Saa zote mbili zilikuwa mezani. Nikazisogeza mbele kidogo, mzaha tu, nilitaka kumwona mzee Ahern akihangaika. Nikasahau kuzirudisha. Coral hana kosa. Ni mimi.

Roslyn, waliweka glasi chini. Halafu Stan akasema, "Nilijua." Kila mtu alijua. Mmoja alikumbuka kuniona nimebeba birika, na mimi siku ile birika sikuligusa. Mwingine alikumbuka nilivyokuwa nacheka peke yangu. Ukweli walinicheka, uongo wakanisaidia kuujenga.

Sasa mimi ndiye ninayetiwa buti. Honi zinapigwa kwenye karavani. Wameninyang'anya chupa ya mafuta ya kuchulia, timu imepata mchuaji mwingine, kijana anayechua kama anakanda unga. Mtu kamnyima Bosun mfupa. Muuza matairi kaniambia sina aibu. Nimesimama wima. Nina mgongo mpana, nilishawahi kubeba injini.

Mama yako bado hajaniambia asante. Nilipita jana, mlango ulikuwa umefungwa, pazia likatingishika. Nadhani amechoka kwa kufungua vyombo.

Lala vizuri sasa.

Mjomba wako aliyefanya kitu kimoja,
Vern


Merrin
8 Machi 1987

Mjomba Vern,

Hujambo. Mto unashuka. Sina habari ya kukufurahisha, na nilitaka kukuandikia kwa upole lakini nimeshindwa.

Mama hafungui vyombo. Anafunga kwa kasi zaidi. Nakunukulia alivyoandika, ili usiseme nimeongeza:

"Vern amewaambia saa yangu ilichezewa. Naziangalia saa zile kabla ya mechi, naziangalia katikati, naziangalia mwisho. Kwa hiyo sasa mimi si mwanamke aliyekimbilia skonzi, mimi ni mwanamke asiyejua saa yake imeguswa. Na Korrabin wanaambiwa kombe lao ni la wizi. Heri honi. Walipokuwa wananipigia honi, angalau nilikuwa nimepatia."

Najua ulijitupa chini yeye ainuke. Sijawahi kukuona ukifanya hivyo na sitasahau. Lakini kwamba alipatia ndicho kitu pekee alichobaki nacho, na wewe umewapa.

Dalali anakuja wiki ya pili ya Aprili. Njia zitafunguka mwishoni mwa mwezi huo. Nitachelewa.

Nenda ukae naye. Usiseme kitu, kaa tu.

Mpwa wako anayekupenda,
Roslyn


Uwanjani, Tarrawil
Jumamosi, 11 Aprili 1987

Mpwa wangu,

Hujambo huko. Mimi sijambo sana. Naandika juu ya usukani wa pikapu, Bosun kaniegemea, kwa hiyo mwandiko ukipinda mlaumu yeye. Leo ni mechi ya kwanza ya msimu, na ni Korrabin tena, ratiba haina adabu.

Barua yako ilifika Alhamisi ya wiki iliyopita. Niliisoma, nikaenda. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, kwa sababu wa mbele hakufungua. Sikusema kitu. Unajua kwangu hiyo ni kazi kuliko trekta. Jua likasogea. Akafungua, akanipa chai, akafunga. Kesho yake nikaenda tena. Siku ya tatu akatoka akakaa ngazi ya juu yangu.

Akasema, "Baa inafunguliwa saa ngapi?"

Nikasema dada, wewe hujawahi kuingia baa.

"Nimekuuliza saa ngapi."

Roslyn, nitakueleza kama ilivyokuwa. Aliingia na sweta lake la kijani, na mkoba wake, baa imejaa. Alisimama pale kwenye mlango mpaka wakanyamaza. Akasema, "Vern anawadanganya. Hakuigusa saa yangu. Ningejua. Sikuwa na skonzi. Nilibonyeza mchezo ulipokwisha, na ulikuwa umekwisha, na mkashindwa. Mwenye la kusema aniambie hapa, usoni, asinipigie honi akiwa anaondoka."

Nikangoja buti. Nilikuwa nimekwisha kaza tumbo. Niliwaona wakitazamana, kila mmoja anangoja mwingine aanze, kwa sababu hakuna anayetaka kuwa wa kwanza, wote wanataka kuwa wa pili. Muuza matairi alifungua mdomo. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaufunga kwa bia.

Mama yako akaja akakaa kando yangu. Akamwambia Gwenda ampe kitu chenye limau. Akakaa mpaka alipomaliza, na anakunywa polepole kama ndege. Hakuna aliyemwomba radhi. Nisikudanganye. Hakuna hata mmoja.

Njiani nikamwambia, nimekosea, dada. Akasema, "Ulikosea mara mbili." Halafu akanishika mkono kuvuka barabara, kama tulipokuwa wadogo.

Sasa sikiliza la ufunguo. Ule ufunguo ulikuwa kwa Stan tangu Desemba, na msimu unaanza, na hana mtunza saa. Kawauliza wote. Wote waliotia buti, hakuna aliyekubali kukaa kwenye kile kiti. Wameona kinachompata anayekikalia. Jana mama yako kaukuta ufunguo kwenye kitasa cha mlango wake, bila barua, na utepe wake ule ule. Dalali alikuja asubuhi ya leo. Mama yako kamwambia leo ana kazi, aje siku nyingine.

Nakuandikia huku namwona. Yuko kibandani, na mzee Ahern pembeni. Mzee kamvulia kofia alipoingia. Magari yamezunguka uwanja wote, na mimi naangalia mikono ya watu kwenye usukani. Mama yako hajala kitu, nilimpelekea mkate kaurudisha. Robo ya kwanza iko mwishoni, naweka kalamu kidogo.

Naendelea.

Ilikuwa robo inaisha, tuko nyuma, na nani kauchukua mpira kama si Dougal Prowse. Upande ule ule, nguzo zile zile. Kakimbia. Mbele yake hakuna mtu. Nikasema moyoni, Coral, mwache apige, nani atajua. Hata mimi nilisema hivyo, Roslyn, mdogo wake mwenyewe.

King'ora kikalia.

Mpira ulikuwa bado mkononi mwa Dougal, mguu uko nyuma tayari. Uwanja mzima ukageuka kutazama kibanda. Akasimama. Alisimama vibaya mpaka akateleza. Akautazama mpira, akakitazama na kibanda kule juu. Halafu akamrushia mwamuzi, akaenda zake kunywa maji.

Nilingoja honi. Wote tulingoja. Bosun alisimamisha masikio. Magari yote yale, na milango imefungwa, na mikono ipo karibu, na kule juu mama yako kashusha kichwa anaandika alama kwenye karatasi yake.

Hakuna aliyepiga. Hata mimi, na wewe unajua ninavyoipenda honi yangu.

Robo ya pili inaanza. Njia zikifunguka, njoo. Atakuwa nyumbani.

Mjomba wako,
Vern